Steven Kanumba: kutoka mbele ya kamera hadi nyuma yake



Vijana wetu hapa Muhokya wakienda kwenye vibanda vya video kuangalia sinema za nje, humtegemea VJ, yule anayetafsiri kwa Kiganda juu ya sauti za waigizaji na kutia chumvi yake. Filamu za Tanzania hazimhitaji VJ kwa mtu anayejua Kiswahili, na sisi tulio karibu na Bwera na mpaka wa Mpondwe, ambako ukivuka tu Kasindi unakisikia sokoni, tunaokijua si wachache. Katika filamu hizo jina la marehemu Steven Kanumba ni maarufu mno. Wengi wanamkumbuka kwa sura yake kwenye kioo. Mimi leo nataka tumtazame alipokwenda kusimama nyuma ya kamera, na sababu iliyompeleka huko.

Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Wakati huo Tanzania Bara haikuwa hata na televisheni. Vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994. Sinema ya Kiswahili yenyewe ilikuwa ya zamani zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa Muhogo Mchungu, na mmoja wa waigizaji wake alikuwa Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. (Watoto wa shule, mwulizeni mwalimu wa historia kama alilijua hilo.) Lakini kazi hiyo ilikuwa ya serikali ya kikoloni na kampuni ya kutoka Afrika Kusini. Mwigizaji Mwafrika alikuja, akaigiza, akaenda zake.

Kanumba alijiunga na kikundi cha Kaole Dar es Salaam mwaka 2002. Kaole walikuwa wakiigiza michezo ya kuigiza iliyorushwa na ITV, na familia nyingi zilikaa jioni kuisubiri. Ilikuwa shule nzuri, ingawa kwa mfuko ilikuwa shule tu, maana mwigizaji alipata umaarufu mwingi na fedha kidogo. Mwaka 2003 ilitoka Girlfriend, filamu ya George Tyson iliyouzwa kwa kanda, na wasanii wakaona kwamba watu wako tayari kununua hadithi yao wenyewe na kwenda nayo nyumbani. Hapo ndipo mambo yalipogeuka.

Mwaka 2006 Kanumba alikwenda Nigeria kuigiza katika Dar 2 Lagos pamoja na Mercy Johnson, chini ya mwongozaji Mnigeria Femi Ogedegbe. Naona safari hiyo ndiyo iliyombadilisha. Nigeria aliwakuta watu wanaotengeneza filamu kwa kamera ndogo na siku chache, bila kungoja serikali wala wafadhili, na wanaziuza Afrika nzima. Baadaye alianzisha kampuni yake, Kanumba The Great Film. Akawa anatunga hadithi, anachagua waigizaji, anaongoza, na bado anaigiza. Mwaka 2011 mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: katika Devil Kingdom ni nyota wa Nigeria, Ramsey Nouah, aliyekuja kuigiza katika filamu ya Kanumba.

Si kila kitu alichofanya kilikuwa kizuri. Filamu nyingi za wakati ule zilikatwa sehemu mbili ili mnunuzi alipe mara mbili, na hadithi ikavutwa kama mpira. Majina yalikuwa ya Kiingereza huku maneno yote ndani ni Kiswahili. Watu walimcheka sana mwaka 2009 kwa Kiingereza chake alipotembelea nyumba ya Big Brother. Mzazi pia ana haki ya kuchagua ipi iingie sebuleni kwake na ipi isiingie. Hata hivyo katika Uncle JJ aliwapa watoto nafasi kubwa, wazungumze na wafanye utundu kama watoto kweli, na kuwaongoza watoto mbele ya kamera si kazi ya mtu mvivu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mtu anaacha kuigiza tu na kuwa mwongozaji ili kazi iwe yake. Lakini mtindo wa soko la Dar es Salaam siku hizo ulikuwa mtayarishaji kumuuzia msambazaji filamu nzima kwa malipo ya mara moja, pamoja na haki zake. Fedha ile ilitumika kutengeneza filamu inayofuata. Ya nyuma ikiuzwa miaka kumi mbele, mtengenezaji hana chake. Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi haki maisha yake yote na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake, na sheria ya Uganda ya mwaka 2006 iliweka muda huohuo. Lakini haki uliyokwisha kuiuza kwa karatasi yenye saini yako haiingii katika mirathi. Nawaambia hasa vijana wa Kasese wanaorekodi michezo yao kwa simu: someni karatasi kabla ya kutia saini.

Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka 28. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ilimtia mwigizaji mwenzake hatiani kwa kuua bila kukusudia. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders kumuaga, Makamu wa Rais Dk. Mohamed Gharib Bilal akiwa miongoni mwao, na tarehe 10 Aprili akazikwa makaburi ya Kinondoni. Stempu za kodi, ambazo wasanii walitumaini zingetenganisha kanda halali na za wizi, zilianza kubandikwa kwenye filamu mwaka 2013.