Mizani ya Uwanjani

Mnamo Oktoba 1845, gazeti la New York Morning News lilichapisha jedwali dogo ambalo, kwa maoni yangu, lingemvutia yeyote aliyezoea kuhesabu mizani. Yaliorodheshwa majina ya vijana wa New York na ya wenzao wa Brooklyn, na mbele ya kila jina zikasimama tarakimu mbili tu: mara ambazo mchezaji alitolewa, na mikimbio aliyoipata. Timu hizo zilikutana zaidi ya mara moja mwezi huo. New York walishinda 24 kwa 4, kisha 37 kwa 19. Mchezo wenyewe ulikuwa besiboli, ila wale wa Brooklyn walitoka katika klabu ya kriketi iitwayo Union Star.

Jambo hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Leo Mmarekani huitazama kriketi kama mchezo wa wageni. Hata hivyo, alipoanza kuusoma mchezo wake mwenyewe gazetini, aliusoma kwa lugha ya kriketi. Mwamuzi, zamu, mkimbio, hata mistari ya jedwali, vyote vilikuwa vimekwisha kuzoeleka katika habari za kriketi. Ikumbukwe kwamba mwaka 1844 Marekani na Kanada zilikuwa zimeshindana kwa kriketi huko huko New York, na Kanada ikashinda kwa mikimbio 23. Besiboli ilipohitaji msamiati, haikwenda mbali. Iliazima kwa jirani, kama lugha zote zifanyavyo, na kama lugha nyingi, baadaye ikasahau kwamba iliazima.

Mtu aliyeukuza mkopo huo ni Henry Chadwick, Mwingereza aliyezaliwa Exeter mwaka 1824 na kuletwa Brooklyn akiwa mtoto. Alikuwa mwandishi wa habari za kriketi. Mwaka 1856, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa akirejea kutoka kwenye mechi ya kriketi iliyomalizika mapema, akapita katika viwanja vya Elysian Fields, Hoboken, ng'ambo ya mto Hudson. Akazikuta klabu mbili za ridhaa, Eagle na Gotham, zikipambana kwa besiboli. Alisimama akatazama, na tangu hapo akaanza kuuandika mchezo ule, hasa katika gazeti la New York Clipper.

Chadwick hakutosheka kusema kwamba fulani alicheza vizuri. Alitaka ajue vizuri kiasi gani. Basi akalitanua jedwali, akaongeza safu, akabuni vifupisho. Yeye ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa herufi K kwa mpigaji aliyekosa mpira mara tatu, kwa kuwa K ndiyo herufi ya mwisho ya neno la Kiingereza «struck». Msomaji aliyekuwa mbali na uwanja aliweza kuusoma mchezo mzima katika kipande cha karatasi kisichozidi kiganja. Nilipokuwa chuoni nikiwafundisha walimu wanafunzi, baadhi yao waliona kuhesabu silabi kwa vidole ni kuua ushairi. Ningekuwa na jedwali la Chadwick wakati ule, ningewaonyesha jinsi hesabu inavyoweza kubeba kumbukumbu.

Waingereza nao walikuwa na mwendawazimu wao wa tarakimu. Timu yao ya kriketi ilipozuru Kanada na Marekani mwaka 1859 chini ya nahodha George Parr, Fred Lillywhite alifuatana nayo akiburura hema lenye mashine ya kuchapia, apate kuchapisha matokeo papo hapo kando ya uwanja. Parr alichoshwa sana na mzigo ule. Waingereza kumi na mmoja waliwashinda Wamarekani ishirini na wawili, magazeti yakajaa sifa. Hata hivyo kriketi haikushika. Iliwachukua watu siku nzima nzima na ilidai uwanja uliotengenezwa kwa uangalifu. Besiboli ilimalizika kabla ya magharibi, na magazeti yalikuwa yamekwisha kuanza kuiita mchezo wa taifa.

Lakini taifa gani? Mnamo Oktoba 1862 gazeti la Brooklyn Eagle liliandika habari za klabu mbili za watu weusi: Monitor ya Brooklyn, na nyingine kutoka Weeksville, mtaa wa Weusi huru, iliyojiita Unknown, yaani Isiyojulikana. Kichwa cha habari kiliwataja kwa majina ya kejeli waliyozoea kubandikwa watumwa. Nimekisoma mara kadhaa, na kila mara kinanichoma. Chini ya kejeli hiyo matokeo yameandikwa kama yalivyoandikwa ya mechi nyingine yoyote: Unknown 41, Monitor 15. Sifa na dhihaka zote hukaa katika vivumishi. Mwandishi yule hakupata njia ya kuikejeli 41.

Desemba 1867 chama cha taifa cha wachezaji kiliamua kutozipokea klabu zenye wachezaji weusi. Klabu ya Pythian ya Philadelphia, iliyoongozwa na mwalimu wa shule, Octavius Catto, ilibaki nje. Iliendelea kucheza, na iliendelea kujaza majedwali yake yenyewe. Karatasi zake za alama zingali zimehifadhiwa Philadelphia, jina kwa jina, mkimbio kwa mkimbio.