Skizofrenia: Jinsi uwezo wa kuwaelewa wengine unavyopimwa

Skizofrenia inapotajwa, wengi humfikiria mtu anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayeamini kwamba maadui wanamfuata. Dalili hizo ni za kweli, na dawa huweza kuzipunguza. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao sauti zimekwisha kunyamaza lakini bado wanashindwa kudumu kazini au kupatana na ndugu zao, kwa kuwa huwawia vigumu kutambua fikra na hisia za wenzao.

Mwaka 1992 mwanasaikolojia wa Uingereza, Chris Frith, alitoa hoja kwamba baadhi ya dalili za ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika kutambua yaliyomo akilini, yawe ya mtu mwenyewe au ya wengine. Mwaka 1995 yeye na wenzake, wakiongozwa na Rhiannon Corcoran, walichapisha kipimo chenye hadithi fupi 10. Katika kila hadithi mhusika mmoja hudokeza jambo bila kulitaja. Kwa mfano (na mfano huu ni wetu), mgeni aliyeketi sebuleni anasema: "Jua la leo kali, koo limenikauka." Mpimwaji huulizwa mgeni amekusudia nini. Akijibu kwamba anaomba maji, hupata alama 2. Akishindwa, huongezewa dokezo lililo wazi zaidi, na akifaulu hapo hupata alama 1.

Kipimo kingine mashuhuri ni cha Simon Baron-Cohen wa Cambridge, kilichofanyiwa marekebisho mwaka 2001. Kina picha 36 za macho tu, na kwa kila picha mpimwaji huchagua neno moja kati ya manne. Hapa pana walakini. Asiyejua maana ya maneno hayo huanguka hata kama macho ameyasoma sawasawa. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa Wajapani na Wamarekani husoma vizuri zaidi macho ya watu wa utamaduni wao.

Nchini Marekani, kundi la watafiti akiwamo Amy Pinkham lilivipitia vipimo vya aina hii kwa miaka kadhaa. Mwaka 2018 lilipendekeza vitatu: kile cha madokezo, na viwili vya kutambua hisia kwa picha za nyuso na kwa video. Kazi hiyo ina uzito, kwani uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2011 ulikuta kwamba uelewa wa kijamii unahusiana na maisha ya kila siku ya mgonjwa kuliko kumbukumbu au umakini wake.

Lakini kipimo cha madokezo hakihamishiki kwa kutafsiriwa tu. Kwa jamii ambayo hata kanga hubeba fumbo la kumfikia jirani, dokezo la Mwingereza laweza kuonekana jepesi mno, au lisiwe dokezo kabisa. Hadithi hazina budi kutungwa upya na kujaribiwa kwanza kwa watu wasio wagonjwa wa mahali hapohapo.

Aidha, alama ndogo peke yake haithibitishi skizofrenia. Wenye usonji na waliojeruhiwa ubongo pia huweza kuzipata, na hata mgonjwa aliyelemewa na usingizi wa dawa siku ya kupimwa.