Jiwe Kabla ya Samaki

Anayetaka kuweka tangi kubwa la matumbawe nyumbani huanza na hesabu ya uzito. Tangi la kioo lenye urefu wa mita 2, upana wa sentimita 80 na kina cha sentimita 70 huchukua lita 1,120, na kwa kuwa maji ya bahari ni mazito kuliko ya mtoni, sakafu ya sebule hubebeshwa zaidi ya tani moja kabla hata ya kuhesabu kioo chenyewe na meza ya chuma. Kwa kipimo cha zamani cha wafugaji wa Marekani, nusu kilo hadi kilo moja ya mawe kwa kila galoni, tangi hilo lingedai kati ya kilo 150 na 300 za mawe. Mgeni akilikuta limekwisha kuiva hutazama samaki. Ukimuuliza mawe yale yana kazi gani, atakuambia ni mapambo. Ninavyoisoma historia ya ufundi huu, jibu hilohilo ndilo lililoua matumbawe ya matangini kwa zaidi ya miaka mia moja. Tangi la matumbawe halikuwezekana kwa sababu kioo kilipatikana, wala umeme, wala chumvi ya viwandani. Liliwezekana pale wafugaji walipokubali kwamba jiwe ndilo linalofanya kazi, na kwamba samaki ni wapangaji tu.

Waanzilishi walikuwa wamelishika jiwe hilo mkononi bila kulijua. Mwaka 1846 Anna Thynne, mke wa kasisi wa Westminster, alichukua matumbawe madogo ya bahari ya baridi kutoka Torquay, kusini-magharibi mwa Uingereza, akayapeleka London ndani ya mtungi. Maji ya bahari hayakupatikana kirahisi mjini, basi mtumishi wake alisimama mbele ya dirisha lililo wazi, akiyamimina maji yaleyale kutoka chombo hadi chombo kwa nusu saa au zaidi kila siku ili yapate hewa. Mwaka uliofuata Thynne akaongeza mwani, na viumbe wake wakadumu miaka, si siku. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa umma, na mwaka 1854 Philip Henry Gosse akachapisha kitabu chake The Aquarium, kilichowapeleka watu wa tabaka la kati ufukweni na ndoo. Nadharia ya wakati huo ilikuwa ya pumzi: mmea hutoa oksijeni, mnyama huitumia, basi mizani inakaa sawa. Haikuwa na kosa, ila ilizungumzia pumzi na kunyamazia kinyesi. Hata hivyo Gosse alishauri jambo moja ambalo uzito wake haukuonekana. Kwa kuwa mwani hauna mizizi, alitaka ung'olewe kwa nyundo na patasi pamoja na kipande cha mwamba ulioushikilia. Katika kila ndoo iliyorudi London, basi, kulikuwa na vipande vya mwamba vilivyojaa viumbe wasioonekana kwa macho, na sifa zote zikaenda kwa mwani.

Karne ya 20 ilipoleta samaki wa rangi kutoka bahari za joto, jiwe lilishushwa hadhi kabisa. Hadi miaka ya 1970 tangi la maji ya chumvi katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani lilikuwa na kokoto chini, bamba lenye matundu chini ya kokoto, na juu yake mifupa myeupe ya matumbawe yaliyokufa. Mwani ulipoanza kuiota, mifupa hiyo ilitolewa, ikalowekwa kwenye klorini, ikaanikwa na kurudishwa ikiwa myeupe tena. Hebu tuangalie kilichokuwa kikitendeka hapo. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoishi juu ya kila kitu kigumu majini huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitrati, ambayo samaki wengi huivumilia. Kila usafishaji wa klorini uliwaua bakteria wote walioishi juu ya mifupa ile, na kazi ikabaki kwa kokoto peke yake. Naitrati nayo haikuwa na pa kwenda. Ilirundikana wiki baada ya wiki, samaki wakavumilia, na tumbawe lolote hai lililotiwa humo likanywea na kufa. Mfugaji akahitimisha kwamba matumbawe hayafugiki, huku ushahidi wa kinyume ukiwa ameuanika juani.

Aliyeuonyesha ushahidi huo hadharani hakuwa mwanasayansi wa chuo wala mwenye kiwanda. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mfugaji wa Jakarta, aliandika katika jarida la Marekani la Tropical Fish Hobbyist kuhusu matangi yake ya matumbawe hai. Hayakuwa na kichujio. Yalikuwa na maji ya bahari, mwanga wa jua, mapovu ya hewa, na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa na viumbe wake wote: mwani wa waridi ulioganda kama rangi, minyoo, sifongo, kaa wadogo na bakteria wasio na idadi. Siri iko ndani ya jiwe. Juu yake, palipo na oksijeni, bakteria huishughulikia amonia. Ndani ya vitundu vyake, ambako oksijeni ni haba, bakteria wa namna nyingine huivunja naitrati na kuitoa kama gesi ya naitrojeni. Jiwe moja hufunga mzunguko ambao kokoto ziliuacha nusu. Pingamizi la haraka lilikuwa kwamba Lee alikaa karibu na bahari ya joto na jua la ikweta, na kweli waliomwiga katika nchi za baridi mara nyingi walivuna maji yanayonuka. Lakini kushindwa kwao kunathibitisha kidogo sana. Mawe yaliyosafiri siku nyingi yakiwa makavu hufika na sifongo waliokwisha kuoza, na kuyatia moja kwa moja katika tangi lenye samaki ni sawa na kutia mzoga. Kilichokosekana kwao kilikuwa usafirishaji mzuri, mwanga na subira. Hoja ya Lee kuhusu jiwe ilibaki palepale.

Ujerumani na Uswisi ndiko hoja hiyo ilikookotwa tena. Mswisi Peter Wilkens alichapisha mwaka 1973 kitabu kwa Kijerumani kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo katika tangi la bahari, akasisitiza jambo ambalo wapenda samaki hawakulifikiria: tumbawe hujenga mifupa, na mifupa inataka kalsiamu kila siku. Dawa yake ilikuwa maji ya chokaa. Chokaa iliyozimwa hukorogwa katika maji safi, huachwa ituame, na maji maangavu ya juu hudondoshwa polepole, aghalabu usiku, kufidia maji yaliyopotea kwa mvuke. Ni makali mno, na anayeyamimina kwa pupa huua tangi zima. Wafugaji wa Berlin, ambao miongoni mwao jina la Dietrich Stüber ndilo linalokumbukwa zaidi, waliunganisha vitu vitatu: mawe hai kwa wingi, mashine inayokamua uchafu kwa povu, na chokaa. Mwenyeji wa Lamu au Mafia ataona kejeli hapo. Huku pwani kwa karne nyingi matumbawe yalipangwa juu ya magogo na kuchomwa ili ipatikane chokaa ya kujengea. Kule Berlin chokaa ilitiwa majini ili yapatikane matumbawe.

Marekani ilipita njia ya kuzunguka, na mzunguko wake ndio ushahidi ninaoutegemea kuliko wote. Kuanzia Januari 1986 George Smit aliandika katika jarida la Freshwater and Marine Aquarium makala zilizowavuta maelfu ya wasomaji kwenye tangi la mwamba la nyumbani. Mfumo wake, wenye asili ya Uholanzi, uliweka mawe hai tangini, lakini ukamwaga maji kwenye sanduku la pembeni lililojaa vitu vya plastiki ili bakteria wapate makazi yenye hewa tele. Vilifanya kazi kupita kiasi: amonia iligeuzwa naitrati kwa kasi, na naitrati ikapanda. Katika miaka ya 1990 wafugaji walianza kuvitoa vile vitu vya plastiki vichache vichache, wakisubiri balaa. Balaa halikuja, na kwa wengi naitrati ilishuka. Kifaa walichokilipia kama moyo wa tangi kiliondolewa, na mawe yaliyohesabiwa kuwa sura tu yakaendelea na kazi.

Kuna wanaosema sifa hizi ni za mashine na taa: bila taa kali za metali halaidi na pampu zenye nguvu, mawe yote ya Bahari ya Hindi yasingeliweka hai tumbawe moja sebuleni Chicago. Ni kweli kwamba tumbawe la maji ya juu halinawiri bila mwanga, maana chakula chake kingi hutoka kwa mwani mdogo unaoishi ndani ya nyama yake. Lakini taa kali zilitumika pia juu ya matangi ya kokoto na hazikuyaokoa. Tena shule za wakati ule ziligombana karibu kwa kila kitu. Berlin walitegemea povu. Walter Adey wa Smithsonian, aliyefungua mfano wa mwamba hai katika jumba la makumbusho la Washington mwaka 1980, alilikataa povu na kutumia vitanda vya mwani. Jean Jaubert wa Monaco aliweka tumaini kwenye mchanga mnene wenye nafasi ya maji chini yake. Wote hawa hawakuacha kutegemea viumbe wadogo walioshika kitu kigumu chenye vitundu. Mashine zilibadilishana zamu. Jiwe halikupata likizo.

Hapo ndipo upangaji wa mawe unapopata maana yake. Matangi ya miaka ya 1980 na 1990 yalikuwa na ukuta wa mawe ulioegemea kioo cha nyuma hadi juu, na nyuma ya ukuta huo takataka zilituama, maji yakasimama. Leo mafundi huacha uwazi pande zote, huweka mawe machache yenye vitundu vingi, na kuyaunganisha kwa saruji au vijiti vya plastiki ngumu ili vibao vyake vitokeze kwenye mkondo wa maji. Jiwe la chini hukaa kwenye sakafu ya tangi kabla ya mchanga kumwagwa, kwa sababu kamba na samaki wachimbaji wakifukua mchanga chini yake, kilo kumi huangukia kioo. Wengine hutaja mfano wa Takashi Amano wa Japani, aliyepata sifa kwa matangi ya maji baridi yenye nafasi tupu. Sikatai, ila naona mkondo wa maji ulishauri zaidi kuliko jicho. Mpangilio huo unapendeza kwa sababu maji yanapita.

Pingamizi zito zaidi linatoka baharini. Edmund Gosse, mwana wa Philip, aliandika mwaka 1907 kwa huzuni jinsi vidimbwi vya pwani ya Uingereza vilivyoporwa na mitindo ambayo kitabu cha baba yake kiliichochea. Uchu wa mawe hai ulirudia kosa hilo kwa tani. Tangu 1990 matumbawe yote magumu yamo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, Florida ilifika mwaka 1997 uvunaji wa mawe ya asili ukiwa umekwisha kupigwa marufuku, na mwaka 2018 Indonesia ilisimamisha usafirishaji wa matumbawe. Biashara ikageukia mawe makavu ya machimbo na mawe ya kutengenezwa, na wapo wanaosema kwamba hayo yanaumaliza mjadala: tangi linaishi bila jiwe hai. Ila jiwe kavu likitiwa majini hupitia miezi ya mwani wa kahawia na majani machafu hadi bakteria walienee, ndipo matumbawe yakubali kukua; wengi huharakisha kwa kipande kilicholowa kutoka tangi la zamani. Wakulima wa matumbawe nao hutoa mfano wa matangi yao matupu, vioo na rafu tu, na vipande vinavyokua vizuri juu yake. Fuata bomba la tangi kama hilo hadi kwenye pipa la chini ya meza, na mara nyingi utakuta limejazwa matofali ya kauri yenye vitundu.