Sumaku ya diski na vita vya Shaba

Ukifungua diski kuukuu ya kompyuta (ile inayozunguka) utakuta sumaku ndogo yenye nguvu ya ajabu. Chunga vidole! Hadithi yake inapitia Zaire. Mwaka 1978 waasi waliingia Kolwezi, mkoani Shaba, yaani Katanga, na bei ya kobalti ikapaa. Sumaku kali za wakati huo zilitengenezwa kwa samari na kobalti, kwa hiyo viwanda vikatafuta njia nyingine. Mwaka 1982 Masato Sagawa huko Japani na John Croat wa General Motors, Marekani, kila mmoja kivyake, wakaipata: neodimi, chuma na boroni.

Sasa idondoshe ndani ya bomba la shaba (naam, shaba tena). Hainati, lakini inashuka polepole, kwa sababu mwendo wake unazalisha umeme ndani ya bomba na umeme huo unaizuia.

Watoto wadogo wasiziguse. Mtoto akimeza mbili, zinavutana kupitia kuta za utumbo na kuutoboa. Ndiyo maana mwaka 2012 serikali ya Marekani iliishtaki kampuni iliyouza vigololi vya Buckyballs. Akimeza, mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka.