Moto wa Mwili na Dawa za Kuutuliza

Hakuna miongoni mwetu asiyepata kuona kidonda kilichovimba. Mahali pale pana wekundu, pana joto, pana uvimbe, pana maumivu. Na alama hizo nne Mrumi mmoja aliyeitwa Celsus aliziandika kitabuni karibu miaka 2,000 iliyopita. Matabibu wa leo huyaita mambo hayo yote kwa jina moja, mchochota. Wengi hudhani mchochota ni ugonjwa wenyewe. Sivyo. Ni kazi ya askari wa mwili, ambao Muumba amewaweka katika damu yetu wapigane na vijidudu viingiavyo penye jeraha.

Walakini pengine vita havikomi pale jerahani. Vijidudu huingia damuni, au sumu yao huenea, na askari wa mwili mzima huamka kwa pamoja. Ndipo mgonjwa ashikwapo na homa kali, au mwili wake huwa baridi kupita kiasi; moyo huenda mbio, pumzi hupanda na kushuka upesi, mkojo hupungua, akili huvurugika, na shinikizo la damu hushuka hata viungo vikakosa damu ya kutosha. Hali hii huitwa sepsisi. Humpata mama baada ya kuzaa, na mtoto mchanga ambaye kitovu chake kimeingia uchafu, na mkulima aliyejikata kwa jembe. Twataka kueleza jinsi watu walivyotafuta dawa ya kuwatuliza askari hao, maana habari yake ni ndefu, na ndani yake mna matumaini mengi yaliyovunjika.

Mwaka 1892 Richard Pfeiffer, aliyekuwa akifanya kazi Berlin katika chuo cha Robert Koch, aliona jambo la ajabu. Aliviua vijidudu vya kipindupindu kwa moto, kisha akawadunga wanyama. Nao wanyama wakafa vilevile. Basi akajua kwamba ndani ya kijidudu kilichokufa imo sumu isiyokufa. Miaka mingi ikapita, hata ikadhihirika jambo la ajabu zaidi: sumu ile peke yake haina nguvu nyingi; kiuacho ni ghadhabu ya mwili unapoitambua. Mwaka 1972 tabibu wa Kimarekani, Lewis Thomas, aliandika kwa uwazi kwamba katika magonjwa mengi ya namna hii twaangamizwa na silaha zetu wenyewe.

Uko ukoo mmoja wa panya ambao miili yao haiitambui sumu hiyo. Wakidungwa nyingi, huishi. Je, hawa si panya wenye heri? Hapana, wakiingiwa na vijidudu vilivyo hai vya jamii ya homa ya matumbo, hufa upesi kuliko wenzao, kwa sababu mlinzi wao hakuamka. Msomaji alishike jambo hili moyoni, kwa kuwa ndilo fumbo la habari yote.

Dawa ya kwanza yenye nguvu ya kutuliza mchochota ilitoka katika elimu ya tezi ndogo zilizo juu ya figo. Edward Kendall, huko Marekani, alizichunguza kwa miaka mingi. Na mwezi wa Septemba 1948 mwenzake Philip Hench alimpa mwanamke aliyelemazwa na ugonjwa wa viungo dawa ile iliyoitwa baadaye kortisoni. Baada ya siku chache mwanamke yule akaweza kutembea vema. Mwaka 1950 mabwana hao, pamoja na Tadeus Reichstein wa Uswisi, walipewa Tuzo ya Nobel. Si ajabu kwamba matabibu wengi walidhani dawa iliyozima moto wa viungo itazima na moto wa damu.

Mwaka 1976 William Schumer, tabibu wa upasuaji, alitangaza kwamba katika wagonjwa wa sepsisi waliozimia nguvu, wasiopewa dawa za jamii hiyo walikufa 38 katika kila 100, bali waliopewa walikufa 10 tu. Habari hizo zilienea sana, na dawa ikatolewa kwa kipimo kikubwa mno. Ndipo ukafanywa uchunguzi mkubwa zaidi, mara mbili. Kila mgonjwa alipigiwa kura, kama mitume walivyopiga kura katika habari ya Mathiya, apate dawa au apate maji yanayofanana na dawa. Wala tabibu wala mgonjwa hakujua ni kipi. Majibu yalitoka mwaka 1987. Dawa haikuokoa. Tena katika uchunguzi mmoja, wale ambao figo zao zilikuwa zimekwisha kudhoofika walikufa zaidi walipoipata, na wengine waliuawa na vijidudu vipya vilivyokuta mji hauna ulinzi.

Katikati ya miaka hiyo twasikia habari nyingine kutoka Jakarta, nchini Indonesia. Mwaka 1984 Stephen Hoffman na wenzake waliandika juu ya wagonjwa 38 wa homa ya matumbo iliyozidi, watu waliokuwa wamepotewa na fahamu au wamezimia nguvu. Wote walipewa dawa ya kuua vijidudu. Kisha kwa kura, 20 wakaongezewa deksamethasoni kwa siku mbili, na 18 hawakuongezewa. Katika wale 20 walikufa 2. Katika wale 18 walikufa 10. Hapa dawa ya jamii ileile iliokoa! Sisi twaona tofauti iko wazi: hawa walikuwa na ugonjwa mmoja unaojulikana, dawa ya kuua vijidudu ilikuwa imetangulia, na ya kutuliza ilitolewa siku chache tu.

Baadaye wataalamu wakasema, Tuache kupiga mji mzima; tumnyang'anye baragumu yule anayewaita askari. Katika damu mna kitu kinachofanya kazi hiyo, na mwaka 1985 Bruce Beutler na wenzake, huko New York, walionyesha kwamba panya waliokingwa nacho kabla ya kudungwa sumu waliokoka wengi. Furaha ilikuwa kubwa. Lakini mgonjwa haji hospitali kabla ya moto. Huja nyumba ikiwa imekwisha kushika. Mwaka 1996 zilitoka habari za wagonjwa 141 waliojaribiwa dawa moja ya kulinyamazisha baragumu hilo. Kati ya 33 wasioipata walikufa 10. Kati ya 49 walioipata kwa kipimo kikubwa walikufa 26. Twasoma hesabu hiyo kwa huzuni, maana hao nao walikuwa na mama na watoto waliowangoja nyumbani.

Mwaka uliofuata, 1997, ilijaribiwa ibuprofeni, ambayo wasomaji wengi waijua kwa kutuliza maumivu. Wagonjwa walikuwa 455. Homa ilishuka, mapigo ya moyo yakapungua, na mtu akimtazama mgonjwa angesema, Huyu anapona. Lakini waliokufa katika siku 30 walikuwa 37 katika kila 100, na kwa wasiopewa walikuwa 40. Tofauti ndogo isiyothibitisha kitu. Hapa twaomba wazazi wasome mara mbili. Homa kushuka si kupona. Mtoto aliyepozwa kwa kidonge cha duka, naye ananyonya kwa shida na pumzi zake ni za haraka, bado yumo vitani, na saa zake zinapita.

Kortisoni haikuzikwa. Mwaka 2002 Djillali Annane na wenzake wa Ufaransa walirudi kwa njia ya unyenyekevu: kipimo kidogo, kwa siku saba, na kwa wale tu ambao shinikizo la damu limeshuka. Walionekana kuokoka zaidi. Mwaka 2008 uchunguzi mwingine wa Ulaya haukuona wokovu huo. Mwaka 2018 ikatoka mikubwa miwili kwa pamoja. Katika mmoja, wenye wagonjwa zaidi ya 3,600, waliokufa walikuwa karibu sawa pande zote mbili, ila waliopewa dawa walitoka upesi katika kuzimia nguvu. Katika wa pili, wenye wagonjwa 1,241, walikufa 43 katika kila 100 badala ya 49. Na hao waliongezewa dawa ya pili ya tezi zilezile.

Basi siku hizi maagizo ya matabibu ni haya. Kwanza dawa ya kuua vijidudu, tena mapema, na usaha utolewe ulipo. Maji ya mshipani hutolewa kwa kipimo cha mwangalizi. Mgonjwa ambaye shinikizo lake bado lahitaji kushikiliwa kwa dawa za mshipani huongezewa haidrokotizoni, miligramu 200 kwa siku, hospitalini, huku muuguzi akiandika mapigo, pumzi na mkojo wake.