Nani Kakutuma?

Nilianza kusoma udukuzi kwa sababu ya riwaya. Naam, riwaya. Nilikuwa na mhusika wangu, kijana wa Mbagala, ambaye katika sura ya tatu anaingia kwenye kompyuta za benki usiku wa manane. Rafiki yangu mmoja anayeyajua mambo hayo akaisoma sura ile, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Huyu mtu wako anabonyeza vitufe tu, milango inafunguka. Ni mganga?"

Ndugu msomaji, mwandishi chipukizi akichekwa hivyo, ama anaacha kuandika ama anakwenda kusoma. Mimi nikasoma. Chuo sina, nilimaliza kidato cha nne nikaingia mtaani kama wengi wenu. Mchana nafanya kazi steshenari: kutoa kopi, kuchapa barua, kuskani vyeti vya watu. Usiku najiandaa kwa mtihani wa Security+, ambao una maswali yasiyozidi 90 kwa dakika 90, na alama ya kufaulu ni 750 katika kipimo kinachoishia 900. Ada yake hutajwa kwa dola, basi naidunduliza taratibu.

Jioni moja, duka limefungwa, nikaijaribu Nmap. Hii ni programu inayopita ikigonga milango ya kila kompyuta iliyo kwenye mtandao, kuona upi uko wazi. Nikagonga milango ya dukani petu. Wallahi nilibaki mdomo wazi! Folda moja ilikuwa haina hata nywila. Mteja yeyote aliyepewa waifai yetu angeweza kuifungua akakuta vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho, mikataba ya viwanja.

Asubuhi nikamwamkia mwenye duka, nikamweleza yote, huku nasubiri kupongezwa. Mama akanitazama kitambo.

"Mwanangu, nani kakutuma?"

Sikuwa na jibu. Alininyang'anya funguo wiki nzima. Nikawa nafika alfajiri na kumsubiri nje kama mteja.

Swali lile halikunitoka. Kwenye vitabu vya mtihani limo, lakini limeandikwa kikavu: ruhusa ya maandishi, mipaka ya kazi. Nikaanza kuchimba historia yake, na kumbe ni swali la zamani kuliko kompyuta.

Mwaka 1851, London ilikuwa na Maonyesho Makuu. Akafika fundi wa vitasa kutoka Marekani, Alfred Charles Hobbs, aliyekuja kuuza vitasa vya kampuni yake. Waingereza walikuwa na kitasa cha Chubb, kilichotengenezwa hivi: mtu akikichokonoa, kinagoma, na mwenyewe akija na ufunguo wake anajua kuwa kimeguswa. Hobbs alikifungua kwa dakika kama 25, mbele ya mashahidi. Halafu akaenda mtaa wa Piccadilly, kwenye duka la Bramah. Dirishani pale palikuwa na kufuli na tangazo lililokaa zaidi ya miaka hamsini: atakayetengeneza chombo cha kuifungua atapewa gini 200 papo hapo. Hobbs aliomba chumba, kamati ikateuliwa kusimamia, akafanya kazi saa 51 zilizogawanyika katika siku 16. Kufuli ikafunguka. Wenyewe walilalamika sana kuhusu namna alivyofanya, lakini gini zake alipewa.

Kasheshe lilikuwa magazetini. Watu walidai kwamba kuutangaza udhaifu wa vitasa ni kuwafundisha wezi. Hobbs akashikilia kwamba wezi wanaijua kazi yao. Anayebaki gizani ni mwenye nyumba. Mimi nilipofika hapo nilipiga meza. Si ndiyo nilichotaka kumwambia Mama! Kisha nikakumbuka lile tangazo la dirishani. Hobbs alialikwa. Angeulizwa nani kamtuma, angenyoosha kidole tu.

Nevil Maskelyne je? Huyu alikuwa mcheza mazingaombwe wa London. Juni 1903, mbele ya hadhara ya Royal Institution, profesa Fleming alijiandaa kupokea salamu za Marconi zisizopita kwenye waya, mtambo ambao Marconi alijigamba kuwa mtu mwingine hawezi kuuingilia. Mara chombo kikaanza kugonga neno "panya", "panya", "panya", kisha mashairi ya kumkejeli Marconi. Maskelyne alikuwa jirani na mtambo wake mwenyewe, na baadaye alikiri gazetini bila haya. Kabla ya hapo alikwishaajiriwa na Eastern Telegraph, kampuni ya nyaya za baharini, kuzichunguza kazi za Marconi. (Kampuni dada ya hiyo ndiyo iliyofikisha waya wa simu Unguja mwaka 1879.) Kwa hiyo huyu alikuwa na mtu nyuma yake, ila si mwenye nyumba, bali mshindani wa mwenye nyumba. Mama asingelipokea jibu hilo.

Jeshi la Anga la Marekani ndilo lililoifanya iwe kazi ya ofisini. Karger na Schell walipewa mfumo wa Multics wauvunje. Wakauvunja, wakaonyesha jinsi mlango wa siri unavyoweza kupachikwa ndani yake, na mwaka 1974 wakaandika ripoti.

Halafu Novemba 1988 mwanafunzi Robert Morris akaachia programu iliyojizalisha yenyewe. Inakadiriwa kuwa ilizigusa kompyuta 6,000, wakati intaneti nzima ilikuwa na kama 60,000. Hakutumwa na mtu. Mahakama ilimpa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kutumikia jamii, na faini ya zaidi ya dola 10,000. Leo ni profesa wa MIT. Sijui kijana wangu wa Mbagala angepewa uprofesa gani. Hapa kwetu Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa anayeingia bila idhini, awe ameiba au hajaiba. Niliisoma kifungu kwa kifungu, jasho linanitoka, nikiikumbuka ile jioni.

Sura ya tatu nimeichana. Katika sura mpya kijana haingii benki hata kidogo. Anakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja na bahasha mkononi, anaogopa kubisha hodi.

Na mimi niliandika barua. Ukurasa mmoja: vifaa gani nitavipima, siku gani, saa ngapi, na kwamba nitakachokiona nitampa Mama peke yake. Akavaa miwani, akasoma akifuatisha kwa kidole.

"Na kompyuta ya mahesabu imo?"

"Imo, Mama."

Akaikata kwa kalamu. Kisha akavuta droo, akatoa muhuri wa duka, akaupulizia, akagonga.

"Funguo ziko pale," akasema. "Na folda ile uifunge leo leo."