Jinsi ya kuharakisha kuchaji gari la umeme nyumbani bila kuhatarisha nyumba

WANAOMILIKI magari yanayotumia umeme hawakawii kulalamika kuhusu jambo moja: soketi ya ukutani hujaza betri polepole mno. Gari lililounganishwa na umeme saa moja jioni huenda likawa halijajaa kunapopambazuka. Aghalabu hapo ndipo hila huanza, na baadhi ya hila hizo zaweza kuteketeza nyumba.

Umeme wa majumbani nchini Kenya ni wa volti 240, nayo plagi ya pini tatu iliyorithiwa kutoka Uingereza ina kikomo cha ampea 13. Hata hivyo, waya wa kuchajia uliotengenezewa plagi hiyo kwa kawaida huvuta ampea 10 pekee, yaani kilowati 2.4. Sababu ni muda. Birika huvuta umeme mwingi kwa dakika chache kisha soketi ikapoa, ilhali gari huvuta kwa saa nyingi mfululizo. Kwa kiwango hicho, Nissan Leaf yenye betri ya kilowati-saa 24 huhitaji takriban saa 11 ili kujaa kutoka sufuri, na ile ya kilowati-saa 40 hupita saa 18.

Hatari kubwa hutokana na magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani. Aghalabu waya unaokuja nayo ulikusudiwa soketi maalumu ya huko, yenye volti 200 na ampea 15. Fundi asiye makini hukata plagi ya Kijapani na kufunga ya hapa nchini. Gari huchaji haraka kweli, lakini joto kwenye viungo vya waya huongezeka kwa mraba wa mkondo wa umeme: kutoka ampea 10 hadi 15, joto huzidi maradufu. Aidha, waya huo haukukusudiwa volti 240.

Wengi hudhani fyuzi ya ampea 13 itakatika kabla ya madhara kutokea. La hasha. Fyuzi hiyo imeundwa kukatika haraka panapotokea hitilafu kubwa; mkondo wa ampea 15 au hata 18 inaweza kuuvumilia kwa muda mrefu huku plagi ikiyeyuka.

Hila nyingine ni kuunganisha soketi mbili ili zilishe waya mmoja. Nchini Marekani, ambako soketi za kawaida ni za volti 120, baadhi ya watu huunganisha mbili za laini tofauti ili kupata 240. Hapa hakuna haja hiyo, kwani volti 240 tayari zipo. Katika nyumba yenye laini tatu za umeme, muungano kama huo waweza kutoa volti 415 na kuharibu chaja. Isitoshe, plagi moja ikichomolewa, pini zake hubaki na umeme ulio wazi, tayari kumuua atakayezigusa. Waya wa kurefushia nao, hasa ule uliozungushwa kwenye gurudumu lake, hushika joto na haufai kabisa kwa kazi hii.

Njia salama ni kuwekewa laini ya pekee kutoka kwenye boksi kuu la umeme, kama ile ya jiko la umeme. Laini ya ampea 32 huhitaji waya wa milimita 6 za mraba, au 10 iwapo umbali ni mrefu, pamoja na swichi yake ya usalama, kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampea 30, na waya wa ethi uliopimwa. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na mwisho wa laini hufungwa chaja ya ukutani, si soketi ya kawaida.

Kabla ya kutumia fedha, mwenye gari achunguze uwezo wa chaja iliyo ndani ya gari lenyewe. Leaf za kwanza, zilizotoka mwishoni mwa 2010, hazipokei zaidi ya kilowati 3.3 hivi, hivyo laini ya ampea 16 huzitosha. Zenye chaja ya kilowati 6.6 ndizo hufaidi ampea 32, na betri ya kilowati-saa 40 hujaa kwa takriban saa saba. Anayesafiri kilomita 40 kwa siku hutumia kama kilowati-saa saba, ambazo soketi ya kawaida hurejesha kwa saa tatu na ushei. Huyo pengine hahitaji laini mpya hata kidogo.

Atakayeendelea kutumia soketi ya kawaida aiguse plagi nusu saa baada ya kuanza kuchaji. Uvuguvugu si neno. Ikiwa mkono hauwezi kutulia juu yake, au plastiki imegeuka rangi ya kahawia, azime swichi ya ukutani, achomoe waya plagi ikishapoa na kuibadilisha soketi hiyo kabla ya kuitumia tena.